Wati za boksi na wati za spika: somo kwa wanunuzi wa mzigo wa muziki

Namba kubwa kuliko zote kwenye boksi la sabufa ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote. Katika maduka ya jumla ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, si ajabu kukuta chombo kinachobebeka kwa mkono mmoja kimeandikwa wati 5,000, wati 10,000 na hata zaidi. Mteja anaamini. Muuzaji anaamini. Mwagizaji aliyelipia mzigo Guangzhou au Dubai, mara nyingi, naye aliamini.

Hasara ya imani hiyo haionekani siku ya kuuza. Inakuja wiki ya pili au ya tatu, mteja anaporudi na chombo kinachokoroma na kudai kubadilishiwa. Kwa mwenye mtaji mdogo, marejesho machache tu yanatosha kula faida ya mzigo mzima. Kwa sababu hiyo, somo la wiki hii linahusu namna ya kupima ubora wa sauti katika spika, simu, tableti na televisheni kabla fedha haijatoka mfukoni.

Wati 10,000 zinatoka wapi

Wati ni kipimo cha nguvu. Katika vyombo vya muziki kuna namna mbili za kuitaja, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza huandikwa RMS. Hii ni nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila sauti kuharibika kupita kiwango kilichotajwa. Ndiyo namba ya kufanyia biashara.

Ya pili huandikwa PMPO. Hii inadaiwa kuwa nguvu ya kilele, ya kipande kidogo mno cha sekunde, na mara nyingi hujumlishwa kwa kila spika iliyomo. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachoeleza PMPO ipimwe vipi. Mwenye kiwanda anaweza kuzidisha kwa 10, kwa 50 au kwa 100, na hakuna kipimo cha kumsuta. Namba isiyo na kipimo si sifa ya bidhaa, ni tangazo.

Tatizo hili halikuanzia Afrika Mashariki. Marekani ilikumbana nalo zamani, hadi Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaweka kanuni mwaka 1974 kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu iliyopimwa kwa utaratibu mmoja. Mwaka 2024 kanuni hiyo iliimarishwa, kwa sababu wauzaji walikuwa wakichagua masharti ya kipimo yanayowapendeza wao. Nchi yenye soko kubwa imehitaji kurekebisha kanuni yake miaka 50 baadaye. Mfanyabiashara wa huku asitegemee boksi limlinde.

Hesabu ya lebo ya nyuma

Habari njema ni kwamba ukweli mara nyingi umeandikwa kwenye chombo hicho hicho, ila kwa herufi ndogo. Nyuma ya sabufa, au kwenye adapta yake, kuna lebo ya umeme. Hapo ndipo mnunuzi aanze kusoma.

Kwa chombo cha adapta, hesabu ni kuzidisha tu. Volti mara ampea ni wati. Adapta ya volti 12 na ampea 2 inatoa wati 24. Spika inayotumia waya wa USB wa volti 5 na ampea 1 inapokea wati 5. Hakuna amplifaya inayotoa nguvu mfululizo kuliko inayopokea. Gunia la kilo 100 za mpunga halitoi kilo 1,000 za mchele, hata likikobolewa na mashine gani.

Kwa chombo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani, tahadhari moja inahitajika. Wati za kwenye lebo mara nyingi hupimwa chombo kikipiga muziki wa kawaida, si kikiwa kwenye sauti ya mwisho. Kwa hiyo chombo chenye lebo ya wati 60 kinaweza kweli kufikia wati 80 kwa muda. Huo si udanganyifu. Wati 60 kwenye lebo na wati 10,000 kwenye boksi, hilo ni jambo jingine.

Kwa spika ndogo za bluetooth, dawa ni kusoma betri. Betri ya mAh 1,200 na volti 3.7 imebeba nishati ya wati-saa 4.4 hivi. Iwapo boksi linadai wati 20 na muziki wa saa 8, madai hayo mawili hayakai nyumba moja. Kwa wati 20 mfululizo, betri hiyo ingekwisha ndani ya dakika 14. Hata kwa kukubali kwamba muziki hauli nguvu yote kila wakati, tuseme unakula moja ya nane yake, yaani wati 2.5, betri isingefika saa 2. Ili ifikishe saa 8 lazima spika itumie wastani wa karibu nusu wati. Mteja atapata muziki wa saa 8 wa sauti ndogo, au muziki wa sauti kubwa wa muda mfupi. Muuzaji anayejua hili humweleza mteja mapema, na ugomvi wa kesho huisha leo.

Wati si sauti

Kosa la pili ni kudhani kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Sikio halifanyi hesabu hivyo. Sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, tofauti ambayo msikilizaji anaitambua lakini haimshangazi. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke takriban mara 10. Kutoka wati 40 hadi wati 50 ni desibeli 1 tu, na watu wengi dukani hawataisikia. Lakini bei ya jumla inaweza kupanda sana kwa tofauti hiyo.

Kinachoamua zaidi ni uwezo wa spika yenyewe kugeuza umeme kuwa sauti. Watengenezaji makini huandika kipimo hicho: desibeli ngapi kwa wati 1, umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 10 inasikika sawa na spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 40. Ya kwanza ina sauti ileile kwa robo ya nguvu.

Nguvu nyingine yote inakwenda wapi? Inakuwa joto. Katika spika nyingi za nyumbani, sehemu inayogeuka sauti ni kama asilimia moja tu au chini ya hapo. Joto hilo hukaa kwenye koili, ule waya mwembamba uliozungushwa ndani ya pengo la sumaku. Muundo huu wa koili inayosukuma karatasi ulielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925, na hadi leo spika nyingi, za ukumbini na za simu, zinafuata misingi hiyo. Amplifaya dogo likilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, muziki unaanza kukwaruza, na koili inazidi kupata moto hadi inaungua. Ndiyo maana sabufa iliyouzwa kwa jina la wati 10,000 huungua mapema. Mteja anaipandisha hadi mwisho akitafuta wati alizolipia, nazo hazimo.

Simu na tableti

Katika simu kikwazo ni nafasi. Sauti nzito, yaani besi, inahitaji kusukuma hewa nyingi. Ili kushusha sauti nusu ya mawimbi kwa ukubwa uleule, spika inatakiwa isukume hewa mara nne zaidi. Spika ya simu, iliyo ndogo kuliko kidole gumba, haina hewa hiyo. Simu yoyote inayotangazwa kuwa na besi nzito kwa spika yake yenyewe inatangaza kinachopingana na maumbile.

Hata hivyo tofauti ya simu na simu ipo, na mteja wa leo anaisikia. Apple iliweka spika mbili kwenye iPhone kwa mara ya kwanza mwaka 2016, katika iPhone 7, na kwenye iPad Pro ya 2015 iliweka nne. Sasa simu nyingi za bei ya kati zina spika mbili, ya chini na ile ya sikioni ikifanya kazi mbili.

Hapa mnunuzi wa mzigo awe macho. Matundu mawili chini ya simu hayamaanishi spika mbili. Mara nyingi upande mmoja ni spika na mwingine ni maikrofoni. Kipimo ni rahisi: piga wimbo, ziba matundu ya upande mmoja kwa kidole, kisha upande wa pili, kisha sehemu ya sikioni. Sauti ikizimika kabisa kwa kuziba sehemu moja, simu hiyo ina spika moja, hata kama boksi linasema stereo. Kwa tableti fanya hivyo hivyo, na iwe imelala ubavu, kwa sababu ndivyo mteja atakavyoishika akitazama filamu.

Jambo jingine ni majina. Boksi linaweza kubeba jina la Dolby Atmos au JBL. Kwa bidhaa halali jina hilo limelipiwa leseni, na sauti imerekebishwa kwa programu. Halimaanishi kwamba spika ya ndani imetengenezwa na kampuni hiyo. Kwa bidhaa bandia halimaanishi chochote, isipokuwa hatari. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, na nchini Kenya ipo mamlaka mahsusi ya kupambana nazo. Mzigo ukikamatwa, mfanyabiashara hupoteza mali, ushuru aliolipa na muda wake. Bei nafuu ya jina kubwa ndiyo dalili ya kwanza.

Televisheni nyembamba, soko nene

Televisheni za zamani za chogo zilikuwa na kasha kubwa, na spika ilikaa mbele ikimtazama mtazamaji. Televisheni za siku hizi ni nyembamba. Spika zimebanwa nyuma au chini, na sauti inagonga ukuta au meza kabla ya kumfikia mtu. Picha imekuwa nzuri na sauti imekuwa dhaifu. Wenye viwanda wametengeneza upungufu huo na kisha wakauza dawa yake, ambayo ni saundibaa na sabufa.

Kwa mfanyabiashara hii ni nafasi. Mteja anayenunua televisheni leo ni mteja wa spika, leo hii au mwisho wa mwezi. Lakini mzigo lazima ulingane na televisheni zilizomo majumbani. Saundibaa inayopokea HDMI ARC pekee haitamfaa mwenye televisheni ya zamani yenye matundu ya waya mwekundu na mweupe. ARC iliingia na HDMI 1.4 mwaka 2009, lakini si kila televisheni iliyouzwa baada ya hapo inayo. Chombo chenye njia nyingi za kuingiza sauti huzunguka haraka dukani kuliko chenye njia moja, hata kama wati zake ni chache.

Hesabu ya mtaji

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye mtaji wa sh. 6,000,000, aliye na chaguo mbili. Bei hizi ni za mfano tu.

Chaguo la kwanza ni sabufa yenye namba kubwa kwenye boksi, sh. 60,000 jumla na sh. 80,000 rejareja. Anapata vipande 100. Vyote vikiuzwa, faida ghafi ni sh. 2,000,000.

Chaguo la pili ni sabufa iliyoandikwa RMS kwa uaminifu, sh. 75,000 jumla na sh. 95,000 rejareja. Anapata vipande 80, na faida ghafi ni sh. 1,600,000.

Kwenye karatasi la kwanza linashinda. Sasa weka marejesho. Kila kipande kinachorudi na kubadilishwa kinamgharimu bei ya kipande kipya, pamoja na sh. 10,000 za fundi na usafiri. Vikirudi 15 katika 100 vya kwanza, hasara ni sh. 1,050,000 na faida inabaki sh. 950,000. Vikirudi 3 katika 80 vya pili, hasara ni sh. 255,000 na faida inabaki sh. 1,345,000.

Mpaka uko wapi? Iwapo mzigo wa pili utarudisha vipande 3, mzigo wa kwanza unaanza kushindwa mara tu marejesho yake yanapofika 10. Mfanyabiashara aliyeuza bidhaa ya aina hii kwa mwaka mmoja anaweza kufungua daftari lake na kujua yuko upande gani wa mpaka huo. Asiyeandika marejesho kwenye daftari hajui faida yake, anajua mauzo yake tu.

Na hapo haijahesabiwa gharama ya jina. Anayebadilishiwa mara mbili harudi mara ya tatu, na huwaambia majirani.

Kwa mwenye hisa

Katika masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi hakuna kampuni inayotengeneza spika. Lakini mwekezaji mdogo anayefuatilia hisa za nje atakutana na biashara hii, na somo ni lile lile: namba ya nje na kilichomo ndani.

Februari 2022 Masimo, kampuni ya Marekani ya vifaa vya hospitali, ilitangaza kuinunua Sound United, yenye majina makubwa ya Denon, Marantz, Polk na Bowers & Wilkins, kwa dola bilioni 1 na ushei. Wenye hisa hawakuona uhusiano wa hospitali na spika za sebuleni, na hisa za Masimo zikashuka kwa zaidi ya theluthi moja kwa siku moja. Mei 2025 biashara hiyo ya spika ikakubaliwa kuuzwa kwa dola milioni 350. Mnunuzi alikuwa Harman, mwenye jina la JBL, ambayo nayo ilinunuliwa na Samsung kwa dola bilioni 8 katika mauzo yaliyokamilika 2017. Majina yalikuwa yale yale, lakini mwenye mtandao wa kuuza vyombo vya muziki aliyapata kwa karibu theluthi ya bei.

Cirrus Logic inafundisha jambo jingine. Inatengeneza chipu za sauti, zikiwamo zile zinazochunga koili ya spika ya simu isiungue. Ni bidhaa nzuri. Lakini katika miaka yake ya fedha ya 2023 hadi 2025, zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake ilitoka kwa mteja mmoja, Apple. Anayenunua hisa hizo ananunua pia hali ya mteja huyo.

Sonos nayo inaonyesha kwamba spika ya leo si koili na sumaku tu. Mei 2024 ilitoa programu mpya ya kuendeshea spika zake, ikaja na kasoro nyingi. Spika zilikuwa zile zile, lakini wateja walilalamika, na Januari 2025 mkurugenzi mkuu Patrick Spence akaondoka.

Mwenye kununua mzigo naye afuatilie malighafi. Spika za simu hutegemea sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa miaka ya mwanzo ya 1980, na China ndiyo mzalishaji mkubwa wake. Mwaka 2010 na 2011 bei ya madini yake ilipaa. Aprili 2025 China iliweka udhibiti wa kuuza nje baadhi ya madini ya jamii hiyo na sumaku zinazoyatumia. Kiwanda kikibanwa na bei ya sumaku, kishawishi cha kwanza ni kuipunguza ukubwa na kuliacha boksi lilivyo.

Kabla ya kulipa arbuni

Mnunuzi wa mzigo wa vyombo vya sauti anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Aulize wati za RMS kwa maandishi. Muuzaji asiye na jibu ila PMPO, hajui anachouza au hataki kijulikane.

2. Asome lebo ya umeme, adapta au betri, na apige hesabu mwenyewe.

3. Anunue sampuli mbili. Moja ifunguliwe na fundi redio: ukubwa wa sumaku, unene wa mbao, usafi wa kulehemu. Kifuniko cha nyuma ya spika kinaweza kuongeza umbo bila kuongeza sumaku.

4. Fundi apime spika kwa mita. Spika ya ohmu 4 husoma 3 na kitu, ya ohmu 8 husoma 6 hadi 7. Ikisoma mbali na hapo, lebo haisemi kweli.

5. Sampuli ya pili ipigwe nusu saa kwa robo tatu ya sauti, kwa wimbo wenye mwimbaji. Sauti ya mtu hufichua mkwaruzo haraka kuliko ngoma. Kisha inusiwe na kuguswa kwa nyuma.

6. Mzigo ukifika, vifunguliwe vipande kadhaa na kulinganishwa na sampuli. Sampuli nzuri na mzigo mbaya ni mchezo wa zamani.

7. Masharti ya marejesho yaandikwe kabla ya fedha kutumwa. Ahadi ya simu haivuki bahari.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Katika biashara ya spika, boksi ndilo linalovuma, na mwenye duka ndiye anayelipia utupu wake.